Kiingereza cha Fomu na Barua: Makosa Madogo Yanayobadilisha Maana

Mkazi amefika kwenye kaunta kuulizia hundi ya basari ya mwanawe. Afisa anamuuliza kwa Kiingereza, “You have not received the cheque?” Mkazi anajibu, “Yes.” Moyoni amesema, “Ndiyo, sijapokea.” Afisa naye amesikia, “Nimepokea.” Faili inafungwa, na mzazi anarudi nyumbani kusubiri hundi ambayo kwenye daftari imeshahesabiwa kuwa imemfikia.

Hapo hakuna aliyedanganya, wala hakuna aliyekosa akili. Kila mmoja amefuata sarufi ya lugha aliyokuwa akifikiria. Makosa mengi ya Kiingereza yanayofanywa na wasemaji wa Kiswahili huzaliwa hivyo: sentensi imepangwa kwa Kiswahili sanifu kabisa, kisha maneno yake yakavishwa Kiingereza. Anayejua mahali lugha hizi mbili zinapoachana njia hupunguza makosa yake kwa haraka kuliko anayekariri kanuni bila kujua sababu.

Kwa mujibu wa Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka 2010, Kiswahili ni lugha ya taifa, na lugha rasmi za Jamhuri ni mbili: Kiswahili na Kiingereza. Kwa hiyo hakuna mkazi anayepaswa kuona haya kuhudumiwa kwa Kiswahili. Hata hivyo, matangazo mengi ya kazi, zabuni, mikataba na maelezo ya dawa bado huandikwa kwa Kiingereza. Somo hili linagusa kanuni chache ambazo zikikosewa huweza kumgharimu mtu pesa, nafasi au huduma.

1. “Yes” na “No” kwa swali la kukanusha

Katika Kiswahili, “ndiyo” hukubaliana na maneno ya aliyeuliza. Ukiulizwa, “Hujalipa?” nawe hujalipa, unajibu, “Ndiyo, sijalipa.” Katika Kiingereza, “yes” na “no” hazimwangalii aliyeuliza. Huangalia ukweli wa jambo lenyewe. Jambo likiwa limetendeka, jibu ni “yes”. Likiwa halijatendeka, jibu ni “no”, hata kama swali lenyewe lilikuwa la kukanusha.

“You have not paid?” – “No, I have not.” (Sijalipa.)
“You have not paid?” – “Yes, I have.” (Nimelipa.)

Dawa ya uhakika ni kutojibu kwa neno moja. Mkazi aongeze sentensi kamili: “No, I have not received it.” Jambo hili lina uzito zaidi hospitalini. Mhudumu anayemuuliza mama kabla ya picha ya eksirei, “You are not pregnant?” anahitaji jibu lisilo na shaka. “I am pregnant” au “I am not pregnant” halimpi nafasi ya kukosea.

2. Nani anatenda: “he”, “she” na herufi “s”

Kiswahili hakitenganishi mwanamume na mwanamke katika kiwakilishi. “Yeye” ni yeyote, na “anafanya” ni yeyote. Kiingereza kinamtaka msemaji achague: “he” na “his” kwa mwanamume, “she” na “her” kwa mwanamke. Katika mazungumzo, “My mother he is sick” huweza kueleweka. Katika fomu ya mirathi au maombi ya matibabu, “he” inapomtaja mama, anayesoma hubaki akijiuliza mgonjwa ni nani.

Sentensi hiyo ina kosa la pili. Kiswahili husema “Mama yangu anaumwa”, na kiambishi “a-” kinamtaja mama mara ya pili. Ndiyo maana msemaji wa Kiswahili husukumwa kusema “My mother she is sick”. Katika Kiingereza cha kuandika, mtenda hutajwa mara moja tu: “My mother is sick.” Vivyo hivyo, “Me, I want a job” hutokana na “Mimi nataka kazi”. Katika barua, “I want a job” inatosha.

Kuhusu herufi “s” mwishoni mwa kitenzi, mwanafunzi akumbuke kwamba upatanisho si jambo geni kwake. Kiswahili hutofautisha “mvulana anafanya” na “wavulana wanafanya” kwa kubadilisha mwanzo wa kitenzi. Kiingereza hubadilisha mwisho, na katika wakati uliopo hufanya hivyo kwa mtenda mmoja anayezungumziwa.

“The boy works.” (Mvulana anafanya kazi.)
“The boys work.” (Wavulana wanafanya kazi.)

Kinachowachanganya wengi ni kwamba “s” kwenye nomino huashiria wingi, ilhali “s” kwenye kitenzi huashiria umoja. Kwa kawaida, kwa vitenzi kama hivi “s” ikikaa kwa mtenda, huondoka kwa kitenzi.

3. Wakati: “-li-”, “-me-” na “-na-”

Hapa ndipo maana hupotea zaidi. Kiambishi “-li-” hakisumbui: “nililipa” ni “I paid”. Taabu huanza na “-me-”. Mara nyingi “nimelipa” ni “I have paid”. Lakini Kiswahili huruhusu “Nimelipa jana”, na Kiingereza hakiruhusu “I have paid yesterday”. Ukitaja wakati uliokwisha, kama “yesterday”, “last week” au “in 2022”, tumia wakati uliopita wa kawaida: “I paid yesterday.”

Pia “-me-” hutumika kueleza hali ya mtu au kitu. “Nimechoka” ni “I am tired”, si “I have tired”. “Nimeolewa” ni “I am married”. “Amelala” ni “He is asleep”. “Ofisi imefungwa”, kwa maana ya kwamba haiko wazi sasa hivi, ni “The office is closed”.

Kukanusha nako kuna tofauti inayoweza kumponza mwenye mkopo. “Sikulipa” ni “I did not pay”. “Sijalipa” ni “I have not paid yet”. Sentensi ya kwanza inasimulia jambo lililopita na kwisha: muda ulifika na malipo hayakufanyika. Ya pili inaacha mlango wazi kwamba malipo yanakuja. Mwanachama anayeandikia kikundi chake cha akiba kuomba muda zaidi anapaswa kuchagua ya pili.

Kiambishi “-na-” hufanya kazi mbili ambazo Kiingereza kimezitenga. “Ninauza samaki” inaweza kumaanisha kwamba hiyo ndiyo kazi yangu, au kwamba niko sokoni nikiuza wakati huu. Kwa kazi ya kila siku Kiingereza husema “I sell fish”. Kwa tendo linaloendelea wakati huu husema “I am selling fish”. Kwenye fomu inayouliza kazi ya mtu, jibu ni la kwanza. Na “Nina watoto watatu” ni “I have three children”, si “I am having three children”.

Neno “tangu” linahitaji uangalifu wa pekee. Kiswahili husema “Ninaishi hapa tangu 2010”. Kiingereza hakisemi “I am living here since 2010”. Jambo lililoanza zamani na linaendelea hadi leo hubeba “have” au “has”: “I have lived here since 2010.” Hutumia “since” kwa mwanzo wa wakati, na “for” kwa urefu wake: “since March”, “for six months”.

4. Maswali na kukanusha: “do”, “does” na “did”

Swali la Kiswahili halibadilishi mpangilio wa sentensi. “Unaishi wapi?” ina mpangilio ule ule wa “Unaishi Voi”. Ndiyo sababu wengi huuliza, “You live where?” Kiingereza huleta neno la kusaidia mbele ya mtenda: “Where do you live?” Kwa mtu mmoja anayezungumziwa ni “does”, na kwa wakati uliopita ni “did”.

Kanuni ya kukumbuka ni hii: neno la kusaidia likishabeba wakati, kitenzi hurudi kwenye umbo lake la asili. Kwa hiyo ni “Did you go?” wala si “Did you went?” Ni “She does not work here”, wala si “She does not works here”. Ni “They did not repair the road”, wala si “They did not repaired the road”. Anayeandika “did” na “-ed” pamoja amelipia nauli mara mbili kwa safari moja.

5. Maneno “a”, “an” na “the”

Kiswahili hakina maneno haya, lakini kina maana zake. Tazama sentensi hizi: “Kuna kisima karibu na soko. Kisima hicho kimekauka.” Mara ya kwanza kisima ni kigeni kwa msomaji. Mara ya pili kinajulikana, ndiyo maana kikaongezewa “hicho”. Kiingereza hufanya hivyo kwa “a” na “the”: “There is a well near the market. The well is dry.”

Uchaguzi kati ya “a” na “an” hufuata sauti, haufuati herufi. Neno linaloanza kwa sauti ya irabu huchukua “an”. Kwa hiyo ni “an ID card”, “an hour”, kwa sababu “h” ya “hour” haitamkwi, na “an MCA”, kwa sababu herufi M husomwa “em”. Lakini ni “a university” na “a one-year contract”, kwa sababu maneno hayo huanza kwa sauti za “yu” na “wa”.

Neno “a” linaweza hata kugeuza maana. “We have a few chairs” ni habari njema: viti vipo kadhaa. “We have few chairs” ni lalamiko: viti ni vichache, havitoshi. Kikundi kinachoomba msaada wa viti kikiandika sentensi ya kwanza, kimejidhoofishia ombi lake.

Kuna pia nomino ambazo Kiingereza hakizihesabu hata zikiwa nyingi. Kati ya zinazokosewa sana ni “information”, “advice”, “equipment”, “furniture” na “luggage”. Hazichukui “s”. Anayetaka kuhesabu hutumia neno la kusaidia: “two pieces of furniture”, “a piece of advice”.

6. “In”, “on” na “at”, “by” na “until”

Kiishio “-ni” cha Kiswahili hubeba mizigo mingi. “Sokoni”, “mezani” na “sandukuni” zote zina “-ni”, lakini Kiingereza husema “at the market”, “on the table” na “in the box”. Anayejua tofauti ya “yupo” na “yumo” ana pa kuanzia. Ukiweza kusema “kimo” kwa maana ya ndani, mara nyingi Kiingereza ni “in”. Kitu kikiwa juu ya kingine, ni “on”. Ukitaja mahali kama kituo tu, ni “at”.

Kwa wakati, kanuni ni rahisi zaidi:

– Saa: “at 9.00 a.m.”
– Siku na tarehe: “on Monday”, “on 12th June”
– Mwezi na mwaka: “in June”, “in 2027”

Vitenzi vingine havihitaji neno lolote kati yake na kinachotendwa. Kiswahili husema “tulijadili kuhusu bajeti”, lakini Kiingereza ni “We discussed the budget”, bila “about”. “Nilifika ofisini” ni “I reached the office”, bila “at”.

Jozi inayostahili kuangaliwa mara mbili kwenye matangazo ni “by” na “until”. Yote mawili huweza kutafsiriwa “hadi”, lakini hayafanani. “The office will be open until Friday” ina maana kwamba ofisi itaendelea kuwa wazi mpaka Ijumaa. “Applications must be received by Friday” ina maana kwamba maombi yawe yamefika kufikia Ijumaa. Yanaweza kufika mapema, hayawezi kuchelewa.

7. Neno moja la Kiswahili, maneno mawili ya Kiingereza

Kitenzi “kuazima” hutumika kwa anayetoa na kwa anayepokea. Kiingereza hutenganisha: anayepokea “borrows”, anayetoa “lends”. Kikundi cha akina mama kinachoandika “We want to lend Sh100,000” kimesema kwamba kina pesa za kukopesha. Kilichokusudiwa ni “We want to borrow Sh100,000”. Njia ya kukumbuka ni kutumia jozi ya pesa ambayo Kiswahili kinayo: kukopa ni “borrow”, kukopesha ni “lend”.

“Kusikia” nako hupanuka kuliko “hear”. Kiswahili husikia sauti, baridi, njaa, harufu na maumivu. Kiingereza husema “I feel cold”, “I am hungry”, “I smell smoke” na “I feel pain here”. Mgonjwa anayemwambia daktari “I hear pain” huenda akaeleweka, lakini akisema “I cannot hear well” ataelekezwa kwa wataalamu wa masikio, hata kama alikusudia kusema kwamba hajisikii vizuri. Sentensi ya kutumia ni “I do not feel well”.

“Kushinda” ni “win” kwa mchezo au zabuni, na “beat” kwa mpinzani: “We won the match”, “We beat them”. “Kupanda” matatu ni “board”, wala si “climb”.

8. Saa

Siku ya Kiswahili huhesabiwa kuanzia macheo na machweo, ya Kiingereza huanzia saa sita usiku na saa sita mchana. Tofauti ni saa 6. Barua inayosema “8.00 a.m.” inamwita mtu saa mbili asubuhi. Anayeipokea kwa pupa na kuisoma “saa nane” atafika mchana, mahojiano yamekwisha. “2.00 p.m.” ni saa nane mchana. “12.00 noon” ni saa sita mchana.

Herufi “a.m.” hutumika kuanzia saa sita usiku hadi kabla ya saa sita mchana, na “p.m.” kwa muda uliobaki. Kwa hiyo 5.00 a.m. ni saa kumi na moja alfajiri, na 5.00 p.m. ni saa kumi na moja jioni. Mkazi akiambiwa muda kwa simu, ni busara aurudie kwa lugha zote mbili kabla ya kukata simu.

9. Maneno ya matangazo ya kazi na zabuni

Maneno yafuatayo hujitokeza mara kwa mara, na kila moja lina uzito wake:

“At least two years’ experience” – uzoefu wa miaka 2 au zaidi, si chini ya hapo.

“On or before 30th June” – tarehe 30 Juni yenyewe imo. “Before 30th June” – tarehe 30 haimo, mwisho ni tarehe 29.

“Not later than 10.00 a.m.” – mwisho ni saa nne asubuhi.

“Must” na “shall” – ni lazima. “May” – ni hiari au ruhusa. “Should” – ni jambo linalotarajiwa, na katika tangazo ni salama kulichukua kama sharti.

“Unless” – isipokuwa. “Applications shall not be considered unless they are signed” ina maana kwamba ombi lisilotiwa sahihi halitaangaliwa.

“Only shortlisted candidates will be contacted” – watakaopigiwa simu au kuandikiwa ni wale tu waliochaguliwa kwa mahojiano.

“Canvassing will lead to disqualification” – anayetafuta kupendelewa kupitia watu wenye ushawishi ataondolewa.

Katika fomu, “surname” ni jina la ukoo, “guardian” ni mlezi, “spouse” ni mume au mke, na “next of kin” ni jamaa wa karibu. “Siblings” ni ndugu wa kuzaliwa nao. Kwa kuwa “ndugu” wa Kiswahili anaweza kuwa pia binamu au rafiki, anayejaza fomu ya basari asiwahesabu wote hao.

Barua moja, mara mbili

Kanuni hizi zinaonekana vizuri zaidi zikikutana mahali pamoja. Tuseme kijiji kina kisima cha pampu kilichoharibika mwezi Machi, na mkazi anaandikia ofisi ya wadi:

“The borehole of our village was not working. We are drinking water from the river since March. Our children they are sick. Officer came in Tuesday but he did not repaired it. Add us another technician.”

Mwandishi amejitahidi, na anayesoma kwa subira atamwelewa. Lakini sentensi ya kwanza ina hatari. “Was not working” inasema kwamba kisima hakikuwa kikifanya kazi hapo awali. Afisa mwenye barua nyingi mezani anaweza kudhani kimeshatengenezwa na kuiweka barua kando. Barua iliyosahihishwa ni hii:

“The borehole in our village has not been working since March. We have been drinking water from the river. Our children are sick. An officer came on Tuesday but he did not repair it. Please send us another technician.”

Barua haikurefuka sana wala haikutumia msamiati mgumu. Mabadiliko ni machache: “has not been” badala ya “was not”, mtenda mmoja badala ya wawili, “an” mbele ya “officer”, “on” kwa siku, kitenzi cha asili baada ya “did”, na ombi lililopangwa kwa Kiingereza badala ya “tuongezee”. Barua ikianza kwa “Dear Sir/Madam”, kwa kawaida humalizika kwa “Yours faithfully”. Ikianza kwa jina la mtu, humalizika kwa “Yours sincerely”. Neno la kwanza ni “Yours”, si “Your”.

Zoezi

Sahihisha sentensi hizi kabla ya kutazama majibu.

1. My father he work at the port.
2. I have submitted the form last week.
3. Did you received my letter?
4. She is selling vegetables here since 2015.
5. We discussed about the road in Monday.
6. Please borrow me your pen.
7. I need an information about the bursary.
8. (Hujapata kitambulisho.) “You have not got your ID?” – “Yes.”

Majibu

1. My father works at the port.
2. I submitted the form last week.
3. Did you receive my letter?
4. She has sold vegetables here since 2015. (Pia: She has been selling vegetables here since 2015.)
5. We discussed the road on Monday.
6. Please lend me your pen.
7. I need some information about the bursary.
8. No, I have not got it.

Aliyepata 6 au zaidi yuko tayari kuandika barua fupi. Aliyepata chini ya hapo arudie sehemu alizokosea, kisha aandike sentensi tano kuhusu kazi yake mwenyewe na kumpa mtu mwingine azisome. Mwanafunzi wa sekondari aliye nyumbani anaweza kuwa mwalimu mzuri wa mzazi wake, na mzazi akamfunza methali na Kiswahili fasaha kwa malipo.

Wanaotaka kuendelea

Wakazi wanaotaka masomo ya kusoma na kuandika wanaweza kuuliza katika ofisi ya chifu kuhusu kituo cha elimu ya watu wazima kilicho karibu. Vijana wanaotaka ufundi wanaweza kuulizia katika ofisi ya wadi kuhusu vyuo vya ufundi vya vijijini. Chini ya Jedwali la Nne la Katiba, vyuo hivyo ni jukumu la serikali za kaunti.

Kuna mahali ambapo mkazi hatakiwi kubahatisha Kiingereza hata kidogo. Kwa mujibu wa Kifungu cha 49 cha Katiba, anayekamatwa ana haki ya kuelezwa mara moja sababu ya kukamatwa kwa lugha anayoielewa. Kifungu cha 50 kinampa mshtakiwa asiyeelewa lugha ya kesi haki ya kupata mkalimani bila malipo. Mbele ya daktari, mkopeshaji au mkataba pia, ambaye hajaelewa aseme kwa sauti: “I do not understand. Please explain in Kiswahili.” Sentensi hizo mbili hazina kosa lolote la sarufi, na ni vyema kila mkazi azijue kwa moyo.